Saratani ya figo inapofika kwenye tezi za adrenali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu upasuaji

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa kliniki na wagonjwa na ndugu zao, mara nyingi wakiwa na bahasha ya picha za CT mkononi. Yanahusu saratani ya figo ya mtu mzima. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likurushe kwenye jingine pale inapobidi. Kwa mgonjwa fulani, mwenye neno la mwisho ni daktari aliyemwona na kuzisoma picha zake.

## Mambo ya msingi

1. Tezi za adrenali ni kitu gani? Ni sehemu ya figo?

Hapana. Ni tezi mbili ndogo, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, na uzito wake ni gramu 4 hadi 5 tu. Zinapakana na figo lakini kazi ni tofauti kabisa. Figo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Adrenali hutengeneza homoni. Tabaka lake la nje hutoa kortisoli, inayouwezesha mwili kuhimili homa, njaa na majeraha, na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotelee kwenye mkojo. Sehemu ya ndani hutoa adrenalini.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwenye maamuzi ya upasuaji. Asiye na figo hata moja huishi kwa kusafishwa damu. Asiye na adrenali hata moja huishi kwa vidonge, na akivikosa siku chache anaweza kufa.

2. Saratani ya figo hufikaje huko?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutambaa: uvimbe ulioota sehemu ya juu ya figo hukua, hupenya mafuta yanayoizunguka na kuigusa tezi. Ya pili ni kupitia damu, ambapo seli za saratani husafiri na kutua kwenye adrenali ya upande huohuo, ya upande wa pili, au zote mbili. Aina ya seli angavu, ambayo ni takriban robo tatu ya saratani za figo za watu wazima, ndiyo inayofanya hivyo zaidi.

Kwa wagonjwa wanaotolewa figo, adrenali ya upande uleule hukutwa na saratani kwa kati ya asilimia 1 na 10, kutegemea ukubwa wa uvimbe na mahali ulipo. Ya upande wa pili hupatwa mara chache zaidi.

3. Daktari amesema ni hatua ya nne. Ndiyo basi tena?

Ni hatua ya nne kweli, iwe saratani imetambaa moja kwa moja hadi kwenye tezi au imefika kwa damu. Hapo zamani kutambaa kulihesabiwa hatua ya tatu. Upangaji wa hatua ulibadilishwa tangu 2010 baada ya kuonekana kwamba wagonjwa hao huendelea vibaya kuliko ilivyodhaniwa.

Lakini ndani ya hatua ya nne kuna watu wa hali tofauti sana. Mwenye doa moja kwenye adrenali, na mapafu, mifupa na ini vikiwa safi, hawekwi fungu moja na mwenye madoa sehemu tano. Wa kwanza anaweza kufanyiwa upasuaji kwa nia ya kuondoa saratani yote inayoonekana, na wapo wanaoishi miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo ukiambiwa "hatua ya nne", swali la kurudisha ni: imefika wapi, na ni sehemu ngapi?

4. Nitasikia dalili gani?

Mara nyingi hakuna. Uvimbe huonekana kwenye CT ya ufuatiliaji. Maumivu ya kiuno au ubavu huja ukishakuwa mkubwa.

## Kabla ya kupasuliwa

5. Ripoti ya CT imeandika kuna uvimbe kwenye adrenali. Ndiyo kusema saratani imesambaa?

Si lazima. Watu wengi, hasa waliovuka miaka 50, wana uvimbe mdogo wa adrenali usio na madhara, uitwao adenoma, na hawaujui hadi wapigwe CT kwa sababu nyingine. Kwenye CT iliyopigwa bila dawa ya mshipani, kipimo cha 10 HU (namba ambazo CT hutumia kueleza uzito wa kitu inachokiona) au chini yake huonyesha kuna mafuta ndani ya uvimbe, na hilo huelekea adenoma.

Hapa pana mtego. Saratani ya figo ya seli angavu nayo hubeba mafuta ndani ya seli zake, na ina mishipa mingi ya damu inayopokea dawa ya CT haraka na kuitoa haraka. Vyote viwili ni tabia za adenoma. Kwa hiyo kipimo kinachotosha kumtuliza mtu mwingine hakitoshi kumtuliza mwenye historia ya saratani hii, na ripoti inayosema tu "inafanana na adenoma" irudishwe kwa msomaji picha ikiwa na maelezo ya saratani ya figo. Fomu ya maombi ya kipimo mara nyingi huandikwa maneno mawili matatu. Hakikisha hayo ya figo yamo.

CT ya zamani usiitupe. Uvimbe uliokuwapo miaka mitatu iliyopita kwa ukubwa uleule ni habari njema. Uliojitokeza baada ya figo kutolewa unashukiwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Na kwa ukanda wetu tusisahau kifua kikuu, ambacho huweza kuvimbisha adrenali, mara nyingi zote mbili.

6. Tatizo langu ni saratani. Kwa nini natumwa kupima homoni?

Kwa sababu uvimbe wa adrenali unaweza kuwa unamwaga homoni, na hilo hubadilisha kila kitu siku ya upasuaji. Wa kuogopwa zaidi ni feokromositoma, uvimbe unaotoa adrenalini na jamaa zake. Daktari akiugusa bila maandalizi, presha hupanda ghafla mezani hadi kuhatarisha maisha. Hupimwa kwa damu au kwa mkojo wa saa 24, kuangalia metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini ikishavunjwa mwilini. Ukikutwa nao, utapewa dawa za kulegeza mishipa, kwa kawaida kwa siku 7 hadi 14, kabla ya kisu. Wenye ugonjwa wa kurithi wa von Hippel-Lindau wanaweza kuwa na saratani ya figo na feokromositoma kwa pamoja, kwa hiyo kwao kipimo hiki hakina mjadala.

Cha pili ni kortisoli. Unameza kidonge cha deksamethasoni cha miligramu 1 saa 5 usiku, kesho yake saa 2 asubuhi unatolewa damu. Kortisoli ikibaki juu, maana yake uvimbe unaitengeneza wenyewe bila kusikia amri, na tezi ya pili huenda imelala. Ukiondoa ile inayofanya kazi bila kumpa mgonjwa dawa ya kuziba pengo, ataishiwa nguvu wodini na watu watadhani ni damu inavuja.

7. Je, lazima kwanza wachukue kinyama cha uvimbe kwa sindano ili kipimwe?

Mara nyingi hapana. Kama picha ziko wazi na uvimbe utaondolewa kwa vyovyote, tezi yenyewe ikitolewa hupelekwa maabara nzima. Kinyama huwa na maana pale jibu litakapobadilisha mpango: kwa mfano mgonjwa ana saratani nyingine ya zamani, au kifua kikuu kinashukiwa, au ataanzishwa dawa bila kupasuliwa. Sharti moja halivunjwi: feokromositoma iondolewe shaka kwanza (swali la 6), kwa kuwa sindano peke yake yaweza kuiamsha.

## Upasuaji wenyewe

8. Figo ikitolewa, adrenali ya upande huo nayo itolewe?

Zamani jibu lilikuwa ndiyo, kwa kila mgonjwa. Upasuaji ulioenea kupitia Charles Robson na wenzake wa Toronto, Kanada, walioripoti matokeo yao mwaka 1969, ulitoa figo, mafuta yanayoizunguka, adrenali na tezi za limfu kwa pamoja. Enzi hizo hapakuwa na CT. Daktari aliingia bila kujua atakuta nini, basi akaondoa vyote.

Leo miongozo ya Ulaya inashauri adrenali iachwe ikiwa picha zinaionyesha ni nzima na daktari, akiitazama wakati wa upasuaji, haoni dalili ya kuingiliwa. Kuitoa bila sababu hakumwongezei mgonjwa uhai. Tena kunamwibia akiba: saratani hii huweza kuibukia tezi ya upande wa pili baada ya miaka (swali la 18), na aliyenyang'anywa tezi nzima mara ya kwanza ataishiwa kabisa mara ya pili.

Adrenali hutolewa pamoja na figo pale inapoonekana na uvimbe kwenye CT, au uvimbe wa figo umeigusa. Uvimbe mkubwa wa ncha ya juu, hasa uliozidi sentimita 7, humfanya daktari aiangalie kwa jicho kali zaidi. Sehemu tu ya figo ikitolewa kwa uvimbe mdogo, adrenali haina sababu ya kuguswa.

9. Nani anafaa kuondolewa adrenali iliyosambaziwa saratani?

Wanaofanya vizuri zaidi wana mambo yanayofanana: uvimbe uko sehemu moja, unaweza kutolewa wote bila masalia, umechukua muda mrefu kujitokeza tangu figo ilipotolewa, na mgonjwa mwenyewe ana nguvu za kufanya shughuli zake. Uliojitokeza miezi mitatu baada ya upasuaji wa kwanza ni wa haraka, na mara nyingi kuna wenzake waliojificha. Huyo ni heri aanze na dawa, apigwe CT tena, kisha upasuaji ufikiriwe kama mambo yametulia.

Niseme wazi kwamba ushahidi wa faida ya upasuaji huu unatoka kwenye kumbukumbu za wagonjwa waliokwisha kupasuliwa. Haujatoka kwenye majaribio ambayo bahati nasibu ndiyo huamua nani apasuliwe na nani asipasuliwe. Waliochaguliwa kupasuliwa walikuwa na hali nzuri tangu mwanzo, kwa hiyo takwimu tamu za mitandaoni zisomwe kwa tahadhari.

10. Figo yenyewe bado ipo na saratani imeshasambaa. Zote zitolewe?

Kama kilichosambaa ni adrenali pekee na kila kitu kinaweza kutoka kwa upasuaji mmoja, madaktari wengi watafanya hivyo. Kama imesambaa kwingi, kukimbilia kutoa figo kunaweza kumchelewesha mgonjwa kupata dawa. Jaribio la Ufaransa liitwalo CARMENA, lililochapishwa 2018 likiwa na wagonjwa 450, lilionyesha kwamba walioanza moja kwa moja na dawa ya sunitinib hawakuwa na hali mbaya kuliko waliotolewa figo kwanza. Dawa za leo zimeipita sunitinib, lakini somo limebaki: kisu si lazima kitangulie.

11. Matundu madogo au kupasua tumbo?

Upasuaji wa adrenali kwa matundu madogo ulielezwa kwa mara ya kwanza na Michel Gagner na wenzake wa Kanada mwaka 1992, na sasa ndio wa kawaida kwa uvimbe usio mkubwa. Huweza kufanywa kupitia tumboni au mgongoni. Njia ya mgongoni humfaa aliyewahi kupasuliwa tumbo, maana haikutani na makovu ya ndani. Kupasua hubaki kwa uvimbe mkubwa, ulioshikamana na viungo jirani au ulioingia kwenye mshipa. Daktari akianza na matundu kisha akapasua, ameona jambo lililomlazimu. Usihesabu kwamba upasuaji umeshindikana. Tezi yenye saratani ikipasuka ndani, seli humwagika, na hilo ni baya kuliko mshono mrefu.

Kulia na kushoto pia si sawa. Upande wa kulia, mshipa wa tezi ni mfupi sana na unaingia moja kwa moja kwenye vena kuu ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo; ukichanika, damu ni nyingi na nafasi ya kuidhibiti ni finyu. Kushoto mshipa ni mrefu zaidi na unaingia kwenye vena ya figo, lakini wengu na kongosho viko karibu.

12. Hatari zake ni zipi, na nitalazwa siku ngapi?

Kuvuja damu, kuumia kwa viungo jirani, maambukizi, damu kuganda miguuni, na upungufu wa kortisoli (maswali ya 14 na 15). Matundu madogo yakienda vizuri, wengi huruhusiwa ndani ya siku 2 au 3. Waliopasuliwa hukaa zaidi. Ndoo ya maji, gunia na mtoto mzito visubiri wiki 4 hadi 6.

13. Nifanyiwe hapahapa au niende India?

Kutoa figo kunafanyika kwenye hospitali kubwa za rufaa za ukanda huu, kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta. Adrenali hutolewa mara chache zaidi, kwa hiyo muulize daktari bila aibu: umewahi kufanya ngapi? Vipimo vya homoni vya swali la 6 vitapatikana wapi? Haidrokotisoni ya sindano ipo wodini? Akijibu vizuri yote matatu, safari haikuongezei kitu kikubwa. Na ukisafiri, rudi na ripoti ya upasuaji, ripoti ya maabara na picha zenyewe. Wagonjwa hurudi na risiti zote na ripoti hamna.

## Maisha baada ya upasuaji

14. Nimebaki na adrenali moja. Nitameza dawa?

Kwa kawaida hapana, tezi moja nzima inatosha. Wanaotofautiana ni wale ambao tezi iliyotolewa ilikuwa ikimwaga kortisoli: wao hupewa dawa hadi iliyobaki iamke, na yaweza kuchukua miezi.

15. Zimetolewa zote mbili. Dawa ni zipi, na nikiugua?

Haidrokotisoni, jumla ya miligramu 15 hadi 25 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu, na dozi kubwa zaidi humezwa mara tu unapoamka. Pamoja nayo fludrokotisoni, kwa kawaida miligramu 0.05 hadi 0.2 kwa siku, ili mwili ushike chumvi. Ni za maisha yote. Hazikatizwi hata siku moja, hata ukijisikia mzima, hata dawa nyingine ikiwa imesimamishwa.

Mtu mwenye tezi zake akipata homa, mwili huongeza kortisoli wenyewe. Wewe utaiongeza kwa mkono. Homa ya malaria, nimonia au jeraha kubwa: dozi ya haidrokotisoni huzidishwa mara mbili au tatu hadi homa ishuke, kama daktari alivyokuandikia. Ukitapika na kidonge hakikai, au ukiharisha sana, hapo inahitajika sindano ya haidrokotisoni ya miligramu 100 na hospitali siku hiyohiyo. Kuishiwa nguvu ghafla, tumbo kuuma, kizunguzungu cha kusimama na kuchanganyikiwa ni dalili za dharura. Mhudumu wa zamu asiyekujua anaweza kukuanzishia dawa za malaria na kukulaza kwenye benchi, kwa hiyo tembea na kadi iliyoandikwa "Sina adrenali, nahitaji haidrokotisoni 100 mg na dripu ya chumvi haraka", na mwenzako wa nyumbani ajue ampuli iko kwenye droo gani. Kabla ya kung'olewa jino au upasuaji wowote, sema mapema.

16. Naweza kufunga Ramadhani?

Kama adrenali moja nzima imebaki na figo iko sawa, zungumza na daktari wako. Wengi hufunga baada ya kupona. Kama huna adrenali kabisa, wewe ni miongoni mwa walio kwenye hatari kubwa, na madaktari wengi watakushauri usifunge. Saa nyingi bila maji na bila dozi ya mchana, kwenye joto la pwani, ndizo zinazoleta dharura ya swali la 15. Wapo wenye hali tulivu wanaobadilishiwa dawa kwenda prednisoloni wakati wa daku, lakini hilo hupangwa na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Hata hao hufungua papo hapo wakipata homa au kutapika.

17. Baada ya upasuaji kuna chemo? Na maumivu nitulize na nini?

Chemo ya kawaida haiifanyi kitu cha maana saratani ya figo ya seli angavu. Kinachotumika ni tiba ya kinga, yaani dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani. Jaribio la KEYNOTE-564 liliwapa wagonjwa pembrolizumab kwa takriban mwaka mmoja baada ya upasuaji, na walioipata waliishi muda mrefu zaidi. Kundi dogo ndani yake lilikuwa la waliotolewa pia saratani iliyosambaa, ndani ya mwaka mmoja tangu figo itolewe. Bei yake ni kilio cha kweli, na bima iulizwe kabla ya dozi ya kwanza. Dawa ya pazopanib, iliyojaribiwa kwa nia hiyohiyo baada ya kuondolewa uvimbe uliosambaa, haikuleta faida.

Kwa maumivu: mwenye figo moja akae mbali na diklofenaki na ibuprofeni, hata kama duka la dawa linaziuza bila cheti. Parasetamo kwa dozi sahihi ndiyo ya kuanzia.

## Hali zisizo za kawaida

18. Figo ilitolewa zamani, sasa adrenali ya upande wa pili ina uvimbe. Inawezekana ni ileile?

Inawezekana, hata baada ya miaka zaidi ya 10. Saratani hii inajulikana kwa kulala muda mrefu. Kwa sababu hiyo ufuatiliaji hauishi mwaka wa tano kwa kila mtu, na anayekupiga CT lazima aambiwe kama adrenali ya kwanza ilitolewa au ilibaki. Ikiwa hukumbuki, kovu la nje halitakuambia. Tafuta ripoti ya upasuaji.

19. Zote mbili zina saratani, au iliyobaki ndiyo pekee. Kuna namna ya kuokoa sehemu?

Wakati mwingine. Uvimbe ukiwa mdogo na uko pembeni, daktari anaweza kuukata na kuacha kipande cha tezi chenye damu yake. Kikibaki karibu theluthi ya tezi moja, huenda mgonjwa asihitaji vidonge, ingawa atapimwa kortisoli kabla ya kuamini hivyo. Gharama yake ni kwamba saratani inaweza kurudi palepale. Kwa anayeishi mbali na duka lenye haidrokotisoni, mimi ningeiweka hoja hiyo mezani kwa nguvu, maana tezi nusu inaweza kumfaa kuliko dawa isiyopatikana.

20. Sifai kupasuliwa. Kuna njia nyingine?

Mionzi ya kulenga kwa dozi kubwa na vipindi vichache hutumika pale mashine inapopatikana. Kuchoma au kugandisha uvimbe kwa sindano nako kupo, ila kunaweza kurusha presha ghafla kama ilivyoelezwa swali la 6, hivyo hufanywa penye mtaalamu wa usingizi. Uvimbe mdogo usiokua kwa mgonjwa mzee unaweza pia kuangaliwa tu kwa CT kila baada ya miezi michache.

21. Niko kwenye tiba ya kinga, adrenali yangu iliyobaki ni nzima kwenye CT, lakini sina nguvu hata ya kuoga. Saratani imerudi?

Usianzie huko. Tiba ya kinga inaweza kuishambulia adrenali, au tezi ya pituitari inayoiamrisha, na CT ikabaki safi. Pima kortisoli ya asubuhi, sodiamu na potasiamu siku hiyohiyo. Kwa mwenye adrenali moja hakuna ya akiba, kwa hiyo kama presha iko chini au unatapika, haidrokotisoni hutolewa mara damu inapochukuliwa, bila kungoja majibu ya maabara.